Waranti ya ziada ya vifaa vya nyumbani Mbeya na Iringa: inalipa wapi, inakula hela wapi

"Mama, hii ina waranti ya miaka kumi." Maneno hayo utayasikia mbele ya friji ya inveta, ile ya mota inayobadili kasi, iwe Mwanjelwa au Kabwe jijini Mbeya, au Miyomboni kule Iringa, na muuzaji hadanganyi. Stika ya miaka kumi ipo mlangoni na imebandikwa kiwandani. Ila chini ya ile namba kubwa kuna neno moja la herufi ndogo ambalo halisomwi dukani: kompresa, yaani mota inayosukuma gesi ya friji.

Tunachokipima hapa ni waranti ya kuongeza, ile unayoilipia juu ya bei ya kifaa ili ya kiwanda ikiisha upate mwaka au miaka miwili mingine. Marekani watu hununua mkataba wa nyumba nzima: unalipa ada ya mwaka, na kila fundi akija kuangalia hita, mabomba au kiyoyozi unalipa ada ya wito. Kwetu ulinzi wa namna hiyo huja kwa vipande. Kuna karatasi ya kiwanda, karatasi ya duka, makubaliano na mkandarasi, na bima. Kila kimoja kina mlango wake wa kutokea.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Kwa friji ya kawaida isiyo ya inveta, TV, pasi, blenda na shawa ya umeme, usinunue. Kwa friji ya inveta na mashine ya kufulia yenye bodi ya elektroniki, nunua endapo tu karatasi inataja bodi, inataja kazi ya fundi, na kituo cha matengenezo kipo mkoani kwako. Likikosekana moja kati ya hayo, hela hiyo ina kazi nyingine, na tutaitaja.

Miaka kumi ya nini?

Fungua kijitabu cha friji kwenye ukurasa wa masharti. Vingi vinaigawa friji mafungu mawili: kompresa peke yake, na vingine vyote. Hivyo vingine, yaani thermostati, feni, hita ya kuyeyusha barafu, bodi na mabomba, vina mwaka mmoja au miwili. Taa na mpira wa mlango mara nyingi havimo kabisa.

Sasa chukua mwaka wa nne. Friji haigandishi, fundi anapima, anasema kompresa imekufa, na kiwanda kinakubali kutoa spea bure. Lakini kompresa haifungwi kama balbu. Mabomba yanakatwa, ya zamani inatolewa, filta inabadilishwa, kwa sababu mfumo ukishafunguliwa filta huwa imenyonya unyevu na haifai tena. Mabomba yanachomelewa, kisha hewa inavutwa kwa pampu ya vakyumu kwa nusu saa angalau, ndipo gesi iingie. Friji nyingi za sasa zinatumia gesi ya R600a, tena kidogo sana, gramu 40 hadi 70 hivi kwa friji ya familia. Kiasi kamili kimeandikwa kwenye bamba la nyuma. Gesi hiyo hupimwa kwa mizani, haikadiriwi kwa kusikiliza mlio. Kazi yote hiyo, pamoja na filta, gesi na nauli ya fundi, kwa kawaida ile stika ya miaka kumi haiigusi.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Kompresa ya inveta haili umeme wa ukutani moja kwa moja. Kati yake na soketi kuna bodi inayougeuza umeme na kuiamuru izunguke haraka au polepole. Umeme ukija vibaya, bodi ndiyo inayoupokea kwanza, na kwenye masharti bodi iko fungu la vingine vyote. Kwa hiyo unaweza kuwa mwaka wa tatu, kompresa yako nzima kabisa ikiwa na miaka saba ya waranti, na friji ni kabati tu.

Kutofautisha si uganga. Kompresa ya inveta ina pini tatu. Fundi akiwa amechomoa friji anapima ukinzani kwa mita, pini mbili mbili: majibu matatu yanatakiwa yakaribiane, na kusiwe na pini yoyote inayosoma kwenda kwenye gamba la chuma. Yakiwa hivyo, mashaka yote yahamie kwenye bodi. Fundi anayetangaza kifo cha kompresa ya inveta bila kutoa mita mfukoni, mshukuru na umfungulie geti.

Hapo ndipo waranti ya kuongeza ina maana, kwa sababu thamani yake yote iko kwenye bodi na kazi. Kama karatasi ya duka inarudia tu neno kompresa, unauziwa kitu ambacho kiwanda kimeshakupa. Uliza pia miaka ya nyongeza inaanza lini. Ikihesabiwa kuanzia siku ya risiti badala ya siku ya kiwanda kuisha, mwaka wa kwanza unaulipia mara mbili.

Halafu piga hesabu. Tuseme friji ni shilingi 1,200,000 na nyongeza ya miaka miwili ni 120,000. Ulizia kwa mafundi wawili bei ya bodi ya modeli hiyo pamoja na kazi. Tuseme wanakwambia 250,000. Gawanya: 120,000 kwa 250,000 ni kama asilimia 48. Maana yake, ili ununuzi huo ulipe, karibu friji moja kati ya kila mbili iwe inaharibika bodi ndani ya miaka hiyo miwili tu. Friji iliyofungwa vizuri haifi kwa kasi hiyo. Nyongeza ikishuka hadi 40,000, au bodi ikiwa ya kuagiza kwa 500,000, hesabu inaanza kubadilika. Weka namba za dukani kwako, usibebe zetu.

Kituo kipo wapi, na nani anabeba?

Mstari wa kutafuta ni huu: "mteja atafikisha bidhaa kituo cha huduma." Kama kituo kipo Dar es Salaam, kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwenda tu. Friji inapakiwa kwenye lori, inateremka Kitonga, inashushwa, na ikitengenezwa inapandishwa tena. Kwa friji ndogo, nauli hiyo pamoja na hatari ya mlango kupinda inakula faida yote ya waranti.

Safari hiyo inaharibu kwa namna nyingine pia. Friji ikilazwa, mafuta ya kompresa hukimbilia kwenye mabomba, na ukiwasha mara inapofika, kompresa inazunguka kavu au inajaribu kusukuma mafuta. Isimamishe kwa muda wa saa 4 angalau kabla ya kuchomeka. Kama ililala njia nzima, ngoja hadi kesho yake. Hili linahusu hata friji mpya inayotoka dukani Mwanjelwa kwenda Chunya au Kyela kwa pikapu. Kifo cha siku ya kwanza kwa sababu ya kulazwa huandikwa "usafirishaji usiofaa", na hapo waranti haina msaada.

Baridi si kasoro ya kiwandani

Hili watu wa pwani hawana haja nalo, lakini huku ndilo linaloleta ugomvi mwingi kaunta kila Juni na Julai: nyama kwenye friza imelegea, maziwa chini yako sawa, friji inaonekana haiungurumi. Mteja anarudi na karatasi yake. Fundi wa duka anaichukua, anaiweka kwenye chumba cha karakana chenye joto, inagandisha safi, anaandika "hakuna tatizo". Wote wawili wako sahihi.

Angalia bamba la friji, karibu na jina la gesi. Kuna herufi SN, N, ST au T, wakati mwingine mbili pamoja. Ni daraja la hali ya hewa. N ni chumba cha nyuzi 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, T ni 16 hadi 43. SN peke yake ndiyo inashuka hadi nyuzi 10. Sasa jiko la nyumba ya Forest au Uyole jijini Mbeya, Mafinga au Njombe saa 12 asubuhi mwezi wa saba lina nyuzi ngapi? Mara nyingi halifiki 16.

Friji nyingi za milango miwili za bei ya kawaida zina thermostati moja tu, nayo iko upande wa chini, sio kwenye friza. Chumba kikiwa baridi, upande wa chini unabaki baridi wenyewe, thermostati inaridhika, kompresa inalala saa nyingi. Friza juu nayo haipati baridi mpya, barafu inaanza kulegea. Hakuna kilichoharibika. Kifaa kimefuata amri.

Dawa yake ni kuihamisha friji kutoka jiko la nje au veranda kwenda sebuleni, hasa usiku, na kupandisha namba ya thermostati msimu wa baridi. Baadhi ya friji zina swichi ndogo ya msimu wa baridi ndani, karibu na taa. Inawasha hita ndogo inayoidanganya thermostati. Ukinunua upya, tafuta iliyoandikwa SN-T au SN-ST. Herufi hizo mbili zina faida kwa mkazi wa Njombe kuliko waranti yoyote ya nyongeza, tena hazina bei ya ziada ya kujadili kaunta. Friza la kulala, lile la kifuniko cha juu, halisumbuki sana na jambo hili kwa sababu kihisi chake kiko kwenye friza lenyewe.

Na kwa wanaokaa juu zaidi: vijitabu vya baadhi ya TV na chaja vinaandika mwisho wa matumizi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700, uko salama. Uporoto na Kitulo si hivyo. Jenereta nayo inapungukiwa hewa huku juu na haitoi kilowati zote zilizoandikwa ubavuni. Ukiibebesha mzigo kamili wa stika, itakufa na utaambiwa umeizidishia.

Umeme wenyewe

Kipengele kinachofuta madai mengi kuliko vyote ni "uharibifu unaotokana na umeme usio wa kawaida". Umeme wa nyumbani ni volti 230. Ukishuka sana, mota inashindwa kuanza na koili zake zinapata moto. Ukikatika na kurudi ndani ya sekunde kumi, kompresa ya kawaida inajaribu kuanza huku mgandamizo wa gesi bado uko juu upande mmoja, na inakwama. Nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, ikiachia kwenye nguzo, nyumba ya fezi moja inaweza kupata volti zinazokaribia 400. Hayo yote hayamo kwenye waranti ya kiwanda, na nyongeza nyingi zinanakili kipengele hicho neno kwa neno.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ile hela ya waranti ya kuongeza ni friji gadi, kifaa cha kulinda friji na umeme mbovu. Nyingi zinakata umeme ukishuka chini ya volti 185 hivi au ukipanda juu ya 260 hivi, na baada ya umeme kurudi zinasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu friji iwake, ili mgandamizo ulingane. Soma boksi lako: dakika za kusubiri zisiwe chini ya 3. Gadi ya ampia 5 inabeba wati 1,150 tu, kwa hiyo friji peke yake, bila pasi wala birika. Adapta ya njia tatu ikichomekwa mbele yake ili na TV ipate nafasi, umeshaanza kuiua. Gadi haizuii radi. Hiyo ni habari ya ethi nzuri na kuchomoa waya mawingu yakifunga, kuanzia Novemba hadi Aprili.

Kama kifaa kimeungua kwa hitilafu ya laini, malalamiko yanaanzia ofisi ya TANESCO kwa maandishi, na usiporidhika unakwenda EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Andika tarehe, saa na namba ya mita ya LUKU. Majirani walioungua siku hiyo hiyo waandike pia, kila mmoja barua yake.

Shawa ya umeme tusiipotezee muda. Koili yake kwa kawaida haimo kwenye waranti, na koili ndiyo inayoungua. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kuwasha breka kabla maji hayajapita: siku ya kufunga, fungulia maji hadi yatoke bila mapovu, ndipo uwashe, la sivyo koili inaungua papo hapo. Ya pili ni tenki kuwa chini, maji yanapita kwa nguvu ndogo na koili inazidiwa na joto. Kila mita moja ya urefu kati ya maji na kichwa cha shawa inatoa msukumo wa baa 0.1 tu, na tenki lililowekwa juu ya dari linakupa mita moja au pungufu. Waya nao: kilowati 5.5 kwa volti 230 ni karibu ampia 24. Waya wa soketi wa milimita 2.5 za mraba hauna kazi hapo. Weka wa 4, au wa 6 kama bafu liko mbali na ubao wa breka, na laini yake yenyewe.

TV, radi na bima

Kioo kilichopasuka hakimo kwenye waranti ya TV, ya kiwanda wala ya kuongeza, isipokuwa imeandikwa wazi kwamba inalipa ajali. Radi haimo. Ukitoa hayo mawili na umeme mbovu, kinachobaki ni kasoro za kiwandani, na hizo huwahi kujitokeza ndani ya mwaka wa kwanza ambao tayari unao bure.

Radi, moto, wizi na upepo ni mambo ya bima ya nyumba na vyombo, inayouzwa na kampuni zilizosajiliwa na TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Yenyewe hailipi uchakavu. Mtego wake ni thamani pungufu: nyumba ya shilingi milioni 80 ukiikatia bima ya milioni 40 ili ada ipungue, siku ukipata hasara ya milioni 10 utalipwa 5, kwa sababu nusu ya hatari umejibebea mwenyewe. Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu, kati ya bima ya moto na radi kwa nyumba nzima na waranti ya kuongeza kwa vifaa vitatu, chukua bima.

Mabati na mkandarasi

Mabati ya rangi huja na waranti ndefu, ndefu kuliko kitu chochote ndani ya nyumba, na ndiyo inayokufa kirahisi kuliko zote. Nyingi zinalinda bati lisitoboke kwa kutu. Rangi kupauka ni sharti jingine, au halimo. Fundi akikata kwa grainda, cheche zinaunguza rangi na madini ya kinga ukingoni, kutu inaanzia hapo, na waranti imekwisha kabla bati halijapanda juu. Yakatwe kwa mkasi wa bati. Yakilundikwa nje Tukuyu wakati wa mvua, maji yanaingia kati ya bati na bati na kuleta kutu nyeupe. Saruji mbichi ikimwagika juu yake ifutwe siku hiyo hiyo. Na nyumba zenye dohani, kama zilivyo nyingi Njombe na Mufindi, moshi na masizi yanayoangukia bati kila siku ni kigezo cha kukunyima. Kabla ya kulipa, pima unene kwa maikromita sehemu tatu za bati, sio ukingoni tu. Geji iliyoandikwa ubavuni na geji iliyopo si lazima ziwe ndugu.

Kwa nyumba yenyewe, waranti iliyo bora ni hela ambayo hujalipa. Mikataba ya ujenzi ina kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi anarekebisha kasoro zinazojitokeza, miezi 6 hadi 12, na sehemu ya malipo, asilimia 5 hadi 10, inashikiliwa hadi kipindi hicho kiishe. Hakikisha kinameza msimu mzima wa mvua. Nyumba iliyokabidhiwa Mei na matazamio ya miezi sita itafika Novemba bila bati lake kujaribiwa.

Karatasi

Tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi" halifuti kila kitu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka sharti kwamba bidhaa iwe na ubora unaouzika na ifae kwa kazi iliyonunuliwa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na FCC, yaani Tume ya Ushindani, ina sehemu ya kumlinda mlaji. Friji iliyokufa wiki ya kwanza haihitaji waranti ya kuongeza ili uidai.

Lakini bila risiti huna pa kuanzia. Risiti ya EFD huchapwa kwa joto, na ikikaa dirishani au ndani ya plastiki inafifia ndani ya miezi. Wengi wanafika kaunta mwaka wa pili na karatasi nyeupe. Itoe kopi au ipige picha siku hiyo hiyo. Kadi ya waranti iwe na muhuri wa duka, tarehe na namba ya kifaa iliyoandikwa dukani, mbele yako, ukilinganisha na iliyopo kwenye kifaa. Kwa friji, namba hiyo mara nyingi ipo nyuma, chini, karibu na kompresa. Ipige picha kabla friji haijasukumwa ukutani.